Jinsi ya kupanga blogu kwa haki: mwongozo kamili wa kutumia takwimu za wasomaji na mitandao ya kijamii

Kila orodha ya blogu bora ikitoka, manung'uniko huanza siku hiyohiyo. Huyu kapendelewa, yule ana wafuasi hewa, mwingine ana wasomaji kibao lakini hayumo kabisa. Naamini mengi ya manung'uniko hayo yana msingi. Orodha huinua blogu moja na kuizika nyingine: watangazaji huitumia kuamua pesa ziende wapi, waandishi wachanga huitumia kuamua wamuige nani, wasomaji huitumia kuchagua cha kusoma. Kazi yenye uzito huo haifai kufanywa kwa kuangalia nani ana wafuasi wengi Instagram, kisha kuandika majina kutoka juu kwenda chini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandaa orodha itakayostahimili maswali, hasa maswali ya walioshika mkia. Si lazima uwe mtaalamu wa hisabati. Unahitaji lahajedwali (programu kama Excel), subira, na utayari wa kufuata kanuni zako hata zikikupa jibu usilolipenda.

Hatua ya 1: Andika kanuni kabla ya kugusa namba

Anza kwa kuandika swali lako kwa sentensi moja. "Blogu bora" haipimiki. "Blogu inayosomwa zaidi", "blogu yenye wasomaji waaminifu zaidi" na "blogu inayozungumzwa zaidi mitandaoni" ni maswali matatu, na blogu moja inaweza kuongoza kwa swali la kwanza na kuwa ya thelathini kwa la pili. Chagua moja, na jina la orodha lifuate hilo. Ukipima usomaji, usiiite orodha ya ubora.

Kisha, kwenye ukurasa huohuo, andika kipindi utakachopima, nani anaruhusiwa kuingia, vipimo utakavyotumia, uzito wa kila kipimo, na utafanya nini namba zikikosekana. Weka tarehe. Mpe mtu mwingine nakala kabla hujaanza kukusanya chochote.

Hili la nakala linaonekana dogo, lakini kwangu ndilo kiini cha kazi yote. Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza. Ukishaona kwamba blogu unayoipenda inashirikiwa sana Facebook lakini haitembelewi sana, utapata sababu nzuri kabisa ya kusema kushirikiwa ni muhimu kuliko kutembelewa. Hutakuwa umedanganya kwa makusudi. Utakuwa umejishawishi tu. Kanuni zilizoandikwa mapema hukulinda wewe mwenyewe kwanza, kabla ya kuwalinda wengine.

Andika pia maslahi yako. Blogu yako mwenyewe isiingie. Blogu ya mtu anayekulipa, au unayemlipa, ama isiingie ama itajwe wazi kwamba ina uhusiano na wewe.

Hatua ya 2: Amua nani anaingia

Weka masharti machache yanayoweza kuthibitishwa na mtu yeyote: blogu iwe na umri wa angalau mwaka mmoja, iwe imechapisha angalau makala moja kila mwezi katika kipindi kinachopimwa, maandishi yawe yake, na isomeke bila nenosiri. Masharti kama "iwe na maudhui mazuri" hayafai hapa kwa sababu kila mtu ana tafsiri yake.

Kisha gawanya makundi. Blogu ya habari inayotoa makala kumi kwa siku na blogu ya mashairi inayotoa moja kwa wiki haziwezi kukaa kwenye safu moja. Vivyo hivyo kwa lugha: anayeandika kwa lugha yenye mamilioni ya wasomaji mtandaoni amepewa uwanja mpana kuliko anayeandika kwa lugha ya watu wachache, na ukiwaweka pamoja utakuwa umepima ukubwa wa lugha tu.

Udhalimu mkubwa kuliko wote hutokea hapa, nao haunung'unikiwi kwa sababu hauonekani. Ni blogu ambazo hazikufikiriwa kabisa. Ukitoa mwito wa watu kujipendekeza, watakaojitokeza ni wale walio hodari wa kujitangaza. Mwandishi mkimya mwenye wasomaji wengi kutoka kwenye injini za kutafuta hatajua hata kwamba kuna orodha. Kwa hiyo, mbali na mwito, fuatilia viungo: fungua kila blogu uliyonayo, angalia inawanukuu nani na inaelekeza wasomaji wapi, uyaongeze majina hayo. Tafuta maneno makuu ya kila mada kwenye Google na usome hadi ukurasa wa tatu au wa nne. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna hesabu ya baadaye inayoweza kumrudisha aliyeachwa nje mwanzoni.

Hatua ya 3: Kusanya takwimu za wasomaji

Kanuni ya msingi: chanzo kimoja kwa wote. Usichukue namba za blogu moja kutoka kwa mwenyewe na za nyingine kutoka kwenye makadirio, kisha ukazipanga pamoja.

Kwa miaka mingi watu walikwepa tatizo hili kwa kutumia namba ya Alexa, iliyoonyesha nafasi ya tovuti kwa wingi wa wageni wake. Kampuni hiyo ilianzishwa 1996, ikanunuliwa na Amazon 1999, na huduma yake ya kupanga tovuti ikafungwa tarehe 1 Mei 2022. Ilitegemea sana watu waliosakinisha upauzana (toolbar) wake kwenye vivinjari. Tovuti za watu wa teknolojia zilionekana kubwa kuliko zilivyokuwa, na wenye tovuti walijua kwamba wakijisakinishia upauzana huo wao na marafiki zao, nafasi yao ingepanda. Makadirio ya leo, kama ya Similarweb, yanatumia vyanzo vingi zaidi, lakini udhaifu wa asili umebaki: tovuti kubwa hukadiriwa vizuri kuliko ndogo, na blogu nyingi ni ndogo.

Kwa hiyo omba namba kwa wenyewe. Usiombe picha ya skrini. Mtu yeyote anaweza kubadilisha namba kwenye kivinjari chake kwa dakika moja, akapiga picha, na picha ikaonekana halali kabisa. Omba ruhusa ya kutazama tu kwenye Google Analytics au programu nyingine ya kuhesabu wageni anayotumia, chukua unachohitaji, kisha mwambie aiondoe ruhusa hiyo. Ahidi kwa maandishi kwamba namba zake ghafi hazitachapishwa, na utimize.

Sasa, namba ipi? Utakutana na tatu.

Kurasa zilizotazamwa ndizo rahisi kuzipandisha. Anayekata makala moja kuwa vipande kumi vya "bofya kuendelea" anapata kurasa kumi kwa msomaji mmoja. Ziache.

Watumiaji wanaonekana kuwa watu, lakini kinachohesabiwa kwa kawaida ni kivinjari. Anayesoma asubuhi kwa simu na jioni kwa kompyuta anaweza kuhesabiwa mara mbili. Zaidi ya hapo, tangu 2019 kivinjari cha Safari hufuta baada ya siku saba vidakuzi (cookies, alama za kumtambua msomaji anayerudi) vilivyowekwa na hati (script) za tovuti, kwa hiyo msomaji wa iPhone anayerudi baada ya siku nane huhesabiwa kama mgeni. Blogu yenye wasomaji wengi wa iPhone itaonekana kuwa na watu wengi kuliko ilio nao.

Ziara, yaani kila safari ya msomaji kuingia kwenye blogu, ndizo ninazozipendekeza. Google Analytics, Matomo na Plausible, kwa mipangilio yao ya kawaida, zote hufunga ziara baada ya dakika 30 za ukimya, kwa hiyo hapo una lugha ya pamoja hata kama wanablogu hawatumii programu moja. Kama wote wanatumia Google Analytics, nenda hatua moja mbele uchukue ziara zenye ushiriki: zile zilizozidi sekunde 10, au zilizofungua kurasa mbili na zaidi, au zilizokamilisha tukio muhimu lililowekwa na mwenye tovuti. Anayefungua na kukimbia hahesabiwi. Angalizo moja: toleo la zamani la Google Analytics liliacha kuhesabu tarehe 1 Julai 2023, na lilihesabu kwa namna nyingine. Usilinganishe namba za kabla na za baada ya hapo.

Chukua miezi sita, na uchukue namba ya katikati badala ya wastani. Tuseme blogu ilipata ziara 9,000, 10,000, 11,000, 95,000, 10,500 na 9,500. Mwezi wa nne makala moja ilisambaa kama moto wa nyika. Wastani ni 24,167, namba ambayo blogu hii haikuikaribia mwezi wowote. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua mbili za katikati, 10,000 na 10,500, na katikati yao ni 10,250. Hiyo ndiyo blogu yenyewe, siku zake za kawaida.

Kwa blogu zenye jarida la barua pepe, usitumie kiwango cha kufunguliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple, kwa waliowasha ulinzi wa faragha, hupakua picha za barua hata kama mtu hajaisoma, na kila barua ya namna hiyo huonekana imefunguliwa. Waliobofya kiungo ni kipimo safi zaidi.

Na anayekataa kukupa namba? Ana haki hiyo. Usimpe sifuri. Sifuri maana yake hana msomaji hata mmoja. Yeye hajulikani tu. Mweke kwenye jedwali la pembeni la waliokadiriwa, au uandike kwamba alialikwa na hakushiriki, baada ya kumuuliza kama anataka atajwe.

Hatua ya 4: Kusanya takwimu za mitandao ya kijamii

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika, kwa sababu namba zinaonekana wazi na zinavutia kujumlishwa. Usijumlishe. Wafuasi elfu moja wa Instagram na elfu moja wa YouTube hawana thamani moja. Kutazamwa nako hutofautiana: Facebook ilizoea kuhesabu video kuwa imetazamwa baada ya sekunde 3, ilhali tangu tarehe 31 Machi 2025 video fupi za YouTube huhesabiwa pindi tu zinapoanza kucheza. Ukijumlisha hizo mbili unapata namba isiyo na maana yoyote.

Njia ya haki ni kumlinganisha kila mtu ndani ya mtandao mmoja kwanza. Panga blogu zote zilizoko Facebook, uone kila moja imeizidi asilimia ngapi ya wenzake hapo. Fanya hivyo kwa X, kwa Instagram, kwa kila mtandao ulioamua kuuhesabu. Kisha chukua alama ya mtandao mmoja ambao blogu inafanya vizuri zaidi. Kwa nini mmoja? Ukijumlisha mitandao mitano, unamwadhibu aliyeamua kufanya kazi moja vizuri, na unamzawadia mwenye muda au msaidizi wa kunakili posti ileile kila mahali. Kikwazo kipo: mtandao wenye blogu tatu tu kwenye orodha yako hautoi ulinganisho wa maana. Weka kiwango cha chini, tuseme blogu kumi, mtandao usipofikisha usihesabiwe.

Vitu viwili vya kupima hapa ni wafuasi na mwitikio. Wafuasi ni akiba ya miaka. Mtu aliyefungua akaunti 2012 ana waliomfuata na kumsahau, ambao hawajamsoma tena. Mwitikio, yaani laiki, komenti na kushea kwa posti moja, unaonyesha nani yuko hai leo. Chukua posti 30 za mwisho, uandike mwitikio wa kila moja, kisha namba ya katikati.

Zingatia ni posti zipi. Hesabu zile tu zinazohusu blogu: zenye kiungo cha makala, au zinazojadili mada yake. Wanablogu wengi hutumia akaunti binafsi, na picha ya harusi au ya mtoto aliyezaliwa hupata laiki mara nyingi kuliko makala iliyoandikwa kwa wiki mbili. Nawafurahia, lakini hiyo haimo kwenye swali letu.

Kama unataka kiwango cha mwitikio, yaani mwitikio ukigawanywa kwa wafuasi, jihadhari na akaunti ndogo. Mwenye wafuasi 50 akipata laiki 10 kutoka kwa ndugu na marafiki ana asilimia 20, na atawashinda wote. Dawa yake ni rahisi. Tafuta kiwango cha kawaida cha kundi zima, tuseme asilimia 2, kisha mwongezee kila mtu wafuasi 1,000 wa kubuni wenye kiwango hicho, yaani mwitikio 20. Yule mdogo anakuwa na 30 juu ya 1,050, karibu asilimia 2.9. Mwenye wafuasi 20,000 na mwitikio 800, ambaye kiwango chake ghafi ni asilimia 4, anakuwa na 820 juu ya 21,000, asilimia 3.9. Mkubwa ameguswa kidogo sana. Mdogo amerudishwa karibu na kawaida mpaka athibitishe kwa namba nyingi zaidi. Ni haki kwa wote wawili, kwa kuwa hatujamwita mdogo dhaifu, tumesema tu kwamba ushahidi wake bado ni mchache.

Usihangaike kutafuta makala fulani imeshirikiwa mara ngapi Twitter, ambayo sasa ni X. Mtandao huo uliacha kutoa hesabu hiyo kwa tovuti tangu Novemba 2015. Na usitafute alama moja iliyo tayari inayosema inapima ushawishi. Klout ilifanya hivyo tangu 2008, ikimpa kila mtu alama kati ya 1 na 100 bila mtu wa kawaida kujua imepatikanaje, na ikafungwa Mei 2018. Alama usiyoweza kuieleza kwa aliyeshindwa, usiitumie.

Hatua ya 5: Chuja wafuasi hewa na ziara za roboti

Dalili ya kwanza ya wafuasi hewa ni umbo la ukuaji. Akaunti inayokua kwa kazi hupanda kwa mteremko wenye mabonde madogo. Iliyonunua hupanda kwa ngazi: siku moja elfu kadhaa, kisha kimya, kisha elfu kadhaa tena. Social Blade huonyesha historia ya akaunti nyingi za wazi. Dalili ya pili ni pengo kati ya wafuasi na mwitikio: wafuasi laki moja na laiki nane kwa posti. Ya tatu utaiona ukisoma komenti zenyewe: maneno mawili ya sifa na emoji, yaleyale chini ya kila posti, kutoka kwa akaunti zisizo na picha.

Lakini usihukumu kwa dalili moja. Ngazi inaweza kuwa siku mwandishi alipohojiwa na chombo kikubwa. Kushuka kwa ghafla pia si ushahidi: Julai 2018 Twitter iliondoa akaunti zilizofungiwa kwenye hesabu za wafuasi, na watu wengi ambao hawakuwahi kununua chochote walipoteza wafuasi. Tena, wafuasi hewa wanaweza kununuliwa na mpinzani kwa ajili ya kukuchafua. Muulize mwenye blogu kwanza. Asipokuwa na maelezo ya kuridhisha, ondoa kipimo cha wafuasi kwake na umpime kwa vilivyobaki, bila kumtangaza kuwa mdanganyifu.

Kwa upande wa ziara, Google Analytics huondoa roboti zinazojulikana. Zisizojulikana utazigundua kwa tabia: ziara nyingi za sekunde sifuri, kutoka mji mmoja, zenye ukubwa mmoja wa skrini, saa za usiku wa manane.

Hatua ya 6: Geuza namba ziwe alama

Tuchukue blogu tatu za kubuni tuzifuate mpaka mwisho.

Blogu A: ziara 120,000 kwa mwezi, wafuasi 15,000, mwitikio 90 kwa posti.
Blogu B: ziara 30,000, wafuasi 200,000, mwitikio 60.
Blogu C: ziara 18,000, wafuasi 6,000, mwitikio 240.

Ukijumlisha tu, B inashinda kwa mbali kwa sababu ya wafuasi wake, na mwitikio wa C, ambao ni mara nne ya wa B, unamezwa usionekane kabisa. Ndivyo orodha nyingi zinavyotengenezwa.

Kwanza chukua logi (logarithm) ya kila namba, yaani 10 ipandishwe kwa kipeo gani ili kupata namba hiyo. Lahajedwali yoyote ina fomula ya LOG10. Sababu ni kwamba kutoka ziara 1,000 hadi 10,000 ni safari ndefu kwa mwandishi, ilhali kutoka 111,000 hadi 120,000 ni ongezeko la kawaida, ingawa tofauti ni 9,000 kote kuwili. Logi inaheshimu hilo. Ziara za A, B na C zinakuwa 5.08, 4.48 na 4.26. Wafuasi: 4.18, 5.30 na 3.78. Mwitikio: 1.95, 1.78 na 2.38.

Kisha weka kila kipimo kati ya 0 na 1: toa namba ndogo kuliko zote, gawanya kwa tofauti ya kubwa na ndogo. Kwa ziara, A ana 1, B ana 0.27, C ana 0. Kwa wafuasi, A ana 0.26, B ana 1, C ana 0. Kwa mwitikio, A ana 0.29, B ana 0, C ana 1. Sasa vipimo vitatu vimekaa kwenye mizani moja.

Nimetumia njia hii kwa kuwa blogu ni tatu. Ukiwa na thelathini na zaidi, tumia asilimia ya wenzake waliozidiwa, kama tulivyofanya kwa mitandao, ili jitu moja lililo juu lisiwabane wengine wote chini.

Jambo jingine: usihesabu kitu kimoja mara tatu. Ziara, watumiaji na kurasa zilizotazamwa hupanda na kushuka pamoja. Ukiviweka vyote vitatu kwa uzito sawa na mwitikio, usomaji umepewa kura tatu na mwitikio moja, na hujamwambia mtu.

Hatua ya 7: Weka uzito, kisha uujaribu

Swali letu likiwa usomaji, naanza na uzito wa jumla ya 100: ziara 50, mwitikio 30, wafuasi 20. Zidisha kila namba ya hatua ya 6 kwa uzito wake, kisha ujumlishe. A inapata alama 64, B 33, C 30. Orodha imepatikana: A, B, C.

Usisimame hapo. Sogeza uzito kidogo, ziara 40, mwitikio 40, wafuasi 20, uzito ambao mtu mwingine mwenye akili timamu angeweza kuuchagua. A inapata 57, B 31, C 40. C imempita B.

Jaribio hili limekuambia mambo mawili yenye thamani kuliko alama zenyewe. A ni ya kwanza kweli. Uzito ukibadilika bado inaongoza. Kati ya B na C hujui, na nafasi zao ulizipanga wewe ulipochagua uzito. Rudia jaribio kwa michanganyiko kumi au zaidi, ukiandika kila blogu imeshika nafasi ipi ya juu na ipi ya chini. Kwenye orodha ndefu, inayocheza kati ya 2 na 3 ina nafasi imara. Inayocheza kati ya 6 na 19 haina nafasi unayoweza kuitetea mbele yake.

Hatua ya 8: Panga kwa madaraja

Hapa nina msimamo mkali. Usichapishe namba 1 hadi 50. Chapisha madaraja: daraja la kwanza, la pili, la tatu, na ndani ya kila daraja majina yafuate alfabeti. Mstari wa daraja uupitishe kwenye pengo halisi la alama, pale ambapo majaribio ya uzito hayavushi mtu. Katika mfano wetu A iko daraja la kwanza. B na C ziko pamoja la pili.

Utaambiwa watu wanataka kujua nani wa kwanza. Angalia wanavyofanya wenye data nyingi kuliko mtu yeyote. Ripoti ya wazi ya matumizi ya kivinjari cha Chrome haitoi nafasi ya tovuti. Inasema tu iko ndani ya 1,000 bora, 5,000, 10,000 na kuendelea. Cloudflare Radar, huduma ya takwimu za intaneti, hupanga tovuti 100 za kwanza, na baada ya hapo hutoa makundi yasiyo na mpangilio ndani yake. Watafiti wa Tranco, orodha ya tovuti zinazotembelewa zaidi, huchanganya orodha kadhaa kwa siku 30 ili nafasi zisiyumbe na zisichezewe kirahisi. Kama Chrome na Cloudflare, wenye mabilioni ya maombi ya kurasa, hawathubutu kutofautisha wa 4,812 na wa 4,813, sisi wenye lahajedwali na miezi sita ya takwimu za watu wachache hatuna msingi wa kutofautisha wa 14 na wa 15. Kumwambia mwandishi kwamba yeye ni wa 15 wakati hujui ni kumdhulumu, na kuna atakayenyimwa tangazo kwa sababu hiyo.

Hatua ya 9: Mpe kila mmoja nafasi ya kujibu

Wiki mbili kabla ya kuchapisha, mtumie kila mwanablogu namba zake tu, alama zake na daraja lake. Akionyesha kosa la hesabu au la chanzo, sahihisha. Akilalamikia uzito, mshukuru, andika hoja yake kwa ajili ya toleo lijalo, lakini usibadilishe sasa. Ukimbadilishia mmoja umewabadilishia wote bila kuwauliza.

Pamoja na orodha, chapisha ule ukurasa wa kanuni wa hatua ya kwanza pamoja na tarehe yake, fomula, idadi ya walioalikwa na waliokubali, na maslahi yako. Masahihisho ya baadaye yaonekane hapohapo, na namba ya zamani ibaki ikiwa imekatwa mstari.

Hatua ya 10: Kurudia toleo

Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Orodha ya kila wiki hupima kelele, na huwafanya waandishi waandike kwa ajili ya kipimo. Hilo la mwisho litatokea hata ukienda polepole: wakijua mwitikio una uzito 30, wapo watakaoanza kuuliza maswali ya kipuuzi mwishoni mwa kila posti ili wapate komenti. Ukiona kipimo kimeanza kuchezewa, kibadilishe, lakini tangaza mabadiliko hayo mwanzoni mwa kipindi kipya.

Ukibadilisha kanuni, hesabu upya toleo lililopita kwa kanuni mpya kabla ya kusema nani amepanda na nani ameshuka. Blogu iliyoshuka daraja kwa sababu wewe umebadilisha fomula haijashuka, na hilo liandikwe pembeni ya jina lake.